Mfuko Usiopumua

Debora Mazengo alitumia mwaka mmoja na miezi saba kutafuta namna ya kufunga mfuko wa unga. Ukimweleza mtu hivyo anacheka, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazoea kuchekwa. Lakini kila aliyewahi kununua unga wa lishe kwenye mfuko wa zipu anaijua kero yenyewe. Siku ya kwanza zipu inafunga vizuri. Siku ya tatu unga umeshajaa kwenye kale kamfereji kembamba. Unabana kwa vidole, unabana tena, huku kukifunga kule kunaachia. Siku ya tano mwenye mfuko anakata tamaa, anauviringa mdomo na kuukaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Alikuwa mbunifu pekee katika karakana ndogo ya vifungashio pale Mkonze, mali ya bwana mmoja aitwaye Stanley. Walivifungashia vikundi vya akina mama bidhaa zao: zabibu kavu, karanga, mlenda wa kusaga, na unga wa uji wa watoto uliochanganywa mtama, uwele na karanga. Debora alikaa jikoni na wale akina mama, akawatazama. Akaona kwamba hakuna anayefungua mfuko akiwa na mikono mikavu. Mtu anatoka kukoroga, mtoto analia mgongoni, ncha za vidole zina sugu ya jembe na hazihisi kama zipu imeingia au haijaingia. Basi akatengeneza zipu yenye mfereji mpana, na juu yake ulimi mdogo wa plastiki unaofagia unga kabla pande mbili hazijakutana. Ikifunga sawasawa inalia tak, ili hata asiyehisi kwa vidole asikie kwa masikio. Maji hayapiti, hewa haipiti. Aliujaza mfuko hewa, akaufunga, akaukalia mbele ya Stanley, nao haukunywea.

Walitengeneza mifuko ya majaribio, arobaini ya kugawa na michache ya kubaki karakana. Wa kwanza kabisa Debora alimpelekea dada yake.

Anyesi alikuwa mama lishe huko Msalato, akiwauzia chai, uji na chapati mafundi wanaojenga uwanja wa ndege. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na nyuma yake ndipo alipoishi na mumewe Luka na kitinda mimba wao, Paulina, aliyekuwa na miaka miwili na nusu. Jina hilo lilikuwa la marehemu mama yao Anyesi na Debora, na kwa hiyo Debora hakumwita mtoto yule jina lingine ila mama. Akifika alikuwa anapiga goti kabisa. "Shikamoo mama." Na Paulina, huku akitafuna chapati, anamjibu kwa uzito wote: "Maahaba."

"Dada, unga huu ni wa Paulina peke yake," Debora alimwambia siku ile. "Usiupikie wateja. Na usiumalize haraka, nataka mfuko ufunguliwe na kufungwa mara nyingi iwezekanavyo. Ukipungua nitakuletea mwingine uongezee humohumo."

"Mpaka lini?"

"Miezi miwili. Nataka nione zipu itachoka lini."

Unga wenyewe ulikuwa safi. Debora hakubahatisha, kabla haujafungashwa aliupeleka kwa Erick, rafiki yake waliyesoma pamoja, ambaye anafanya kazi katika maabara ya kupima vyakula. Erick aliupima, akasema hauna sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayojificha kwenye karanga na nafaka. Mifuko ikatoka.

Kila Jumamosi Debora alipiga simu kwa kila aliyepewa mfuko, akaandika kwenye daftari. Mwezi wa pili mvua ilinyesha sana kuliko ilivyo kawaida ya Dodoma. Katika wiki ya sita Anyesi alimwambia, "Unga umeanza kufanya mabonge kidogo. Nayavunja kwa mwiko."

"Na zipu?"

"Zipu nzima. Inalia kama siku ya kwanza."

Debora akaandika: wiki ya sita, zipu nzima. Juu ya mabonge hakuandika neno. Baadaye aliutafuta ukurasa ule, akaupitia mstari kwa mstari, akitumaini kwamba pengine alikuwa ameandika chochote, hata alama ya kuuliza.

Wiki ya nane Paulina alikataa kula. Siku iliyofuata akatapika tangu asubuhi, na Luka alipombeba kumtoa nje akaona macho ya mtoto yamekuwa ya njano. Wakampeleka hospitali mjini. Debora alipofika wodini alimkuta amelala chali, tumbo limejaa, na Anyesi ameshika mguu wake mmoja kama mtu anayezuia kitu kisichukuliwe na maji.

"Shikamoo mama," Debora alisema.

Mtoto alimtazama tu.

Daktari alisema ini limeharibika na hajui bado ni kwa nini. Aliuliza maswali mengi. Watoto wengine wawili wa Anyesi, wakubwa, wanakula nini? Ugali, maharage, mboga. Huyu mdogo anakula nini ambacho wale hawali? Anyesi akajibu, uji wake wa lishe. Daktari akaomba aletewe unga huo.

Ni Debora aliyeufuata mfuko Msalato na kuupeleka maabara kwa mkono wake. Njiani hakuwa na wasiwasi nao hata chembe. Alijua umepimwa. Alichokuwa anafikiri ni kwamba kuupima tena ni kupoteza muda, na kwamba afadhali wangeangalia maji ya kile kibanda.

Paulina alifariki siku ya tano, Jumatano, saa nne asubuhi. Walimzika Mkonze, kando ya bibi yake aliyempa jina.

Siku kumi baada ya mazishi Erick alimpigia simu Debora, akamwomba aende maabara. Hakutaka kusema kwenye simu. Alipofika alimkuta ameweka mezani mifuko miwili: mmoja ule wa Anyesi, mwingine mpya wa mchanganyiko uleule, ambao ulibaki karakana bila kufunguliwa.

"Huu mpya ni safi mpaka leo," Erick alisema. "Nimeupima mara mbili."

"Nilijua."

"Huu wa mtoto, Debora, sijawahi kuona kiwango kama hiki. Nilidhani mashine imekosea. Nimeurudia mara nne."

 Debora akasema kwamba haiwezekani, unga ni mmoja, ulisagwa siku moja.

"Unga ni mmoja. Ila huu una maji. Sumu haikutoka kiwandani, imeota humu ndani." Erick aligusa mfuko kwa kalamu. "Ulikuwa unafunguliwa wapi?"

Ndipo Debora alipoliona jiko la Anyesi, kama vile mtu amemwekea mbele ya macho. Majiko matatu ya mkaa yamepangwa mstari, sufuria ya chai, sufuria ya uji, sufuria ya maharage, zote zinatoa mvuke tangu alfajiri mpaka mafundi waondoke. Na mfuko uko pale pale, umeegemea ukuta wa bati, unafunguliwa juu ya sufuria.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda karakana, akawasha jiko, akabandika uji. Alichukua mfuko wake mmoja na mfuko mwingine wa ile zipu mbovu ya dukani, iliyokwisha kuziba kwa unga, mdomo ukafungwa kwa mpira. Akapima uzito wa yote miwili kwenye mizani ndogo. Kila alipochota alifungua juu ya mvuke, akafunga, akapima tena na kuondoa hesabu ya alichochota. Alifanya hivyo siku sita mfululizo. Mfuko wa dukani ulipata unyevu asubuhi, lakini ikifika saa tisa, jua likiwa limepiga bati, ulikuwa umerudi karibu na uzito wake. Ulikuwa unavuja, na kwa kuvuja ulikauka. Mfuko wake yeye uliongezeka siku ya kwanza, ukaongezeka siku ya pili, na haukupungua hata siku moja. Kila kilichoingia kilibaki humo. Siku ya sita alitia mkono ndani, akatoa bonge.

Alikaa chini sakafuni na lile bonge mkononi, na Stanley alipoingia alimkuta hivyo.

Stanley hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwanza pole," alisema. "Lakini zipu yenyewe haina kosa. Inafanya kile ulichoitengenezea. Tunaweza kuandika pale mbele, kwa herufi kubwa: usifungue karibu na mvuke."

"Dada yangu anajua kusoma, bosi. Ningemwandikia hivyo, na jiko liko palepale. Angefungulia wapi?"

"Basi tuitumie kwa bidhaa nyingine. Zabibu kavu. Sabuni ya unga."

"Mfuko ukiisha sabuni, wataweka unga."

 Debora aliacha funguo za karakana mezani na kuondoka na daftari la majaribio, kwa sababu ndani yake kulikuwa na majina ya wote arobaini.

Alianza kuizungukia mifuko. Alidhani itakuwa kazi rahisi, lakini hakuna aliyetaka kuurudisha wake. Mama mmoja pale Mkonze, Gladness, alikuwa amemaliza unga zamani na sasa ameweka humo vidonge vyake vya presha. "Mwanangu, hiki kitu ndicho cha kwanza kunifungia vizuri tangu nizaliwe," alimwambia, akiukumbatia mfuko kifuani. Debora alipomweleza kilichompata Paulina, yule mama alilia, akamwombea palepale, kisha bado akasita kuutoa. Wengine waliuliza mbona mtoto wao hajaugua. Debora aliwajibu kwamba pengine wao wanapikia nje, kwenye upepo, au waliumaliza unga mapema. Walioumaliza mapema ndio waliopona. Yeye ndiye aliyemwambia dada yake asiumalize.

Katika wiki tatu alikusanya mifuko thelathini na minane. Ukiondoa ule wa Paulina uliobaki maabara, ulikosekana mmoja tu, wa mke wa fundi Masudi, aliyehamia Kondoa na mtoto wake mchanga. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa.

Kwa Anyesi alikuwa hajaenda. Kila asubuhi alisema atakwenda, na kila asubuhi alipata mtu mwingine wa kumfuata kwanza. Mwishowe hakubaki mtu.

Alifika Msalato saa tano, wakati wateja wa asubuhi wamepungua. Anyesi alikuwa anaosha vikombe. Alikuwa amekonda, lakini kilemba chake kilikuwa safi na alikuwa ameirudia kazi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa. Umekunywa chai?"

Debora hakukaa. Alijua akikaa hatasema. Akaeleza yote akiwa amesimama: maabara, mifuko miwili, mizani, mabonge. Anyesi aliendelea kuosha kikombe kilekile muda wote, akakizungusha, akakizungusha, mpaka maneno yakaisha.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza.

"Sikuweza kukaa nalo peke yangu."

"Kwa hiyo umeniletea mimi."

"Dada, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekwambia usiumalize haraka. Uliponiambia habari ya mabonge mimi nikauliza zipu."

Anyesi aliweka kikombe chini. "Mchungaji aliniambia Mungu amemchukua. Sikuelewa, lakini nilikubali. Nikaanza kupata usingizi. Juzi nimekula nikashiba. Leo umekuja kuniambia ni mfuko." Alitazama viganja vyake vilivyojaa povu. "Na aliyekuwa anaufungua ni mimi. Hapa hapa. Akisikia inalia anakuja mbio na kikombe chake."

"Dada..."

"Ungeniachia Mungu, Debora. Ungekaa na haya mengine huko kwako."

Fundi mmoja aliingia, akavuta benchi, akaagiza uji. Anyesi alifuta mikono kwenye kanga, akachukua upawa, akamjazia kikombe, akamwekea sukari na kumkabidhi kwa mikono miwili kama anavyowakabidhi wote. Hakumtazama tena mdogo wake. Debora alisubiri mpaka yule mtu akanywa, akamaliza, akaenda zake. Kisha akasema, "Mimi nakwenda, dada."

"Haya."

Tangu Anyesi ahamie Msalato hakuwahi kumwacha Debora aondoke peke yake. Hata kibanda kikiwa kimejaa alikuwa anaacha upawa kwenye sufuria, anamsindikiza mpaka barabara kuu, na pale wanaongea nusu saa nyingine wakiwa wamesimama. Sasa Debora alikatisha kiwanja chenye vumbi bila mtu pembeni yake. Alipofika barabarani alitoa simu, akapiga tena namba ya mke wa Masudi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga mara ya pili, ikaita, ikakatika.

Basi lililokuwa linatoka mjini kwenda Babati lilitokea kwa mbali. Alilipungia mkono, likapunguza mwendo, na kondakta akamuuliza anashukia wapi.

"Kondoa," alisema, akapanda.