Kumsubiri Mtu Augue

Ciro aliposhindwa mechi ya mwisho ya mchujo, hatukufunga mizigo. Anayeshindwa hapo hubakiwa na tumaini moja: mchezaji aliyepita akiumwa, akajitoa kabla mpira wa kwanza haujapigwa, yeye huingia badala yake. Kwa hiyo asubuhi mume wangu alivaa kamili, akakaa kwenye benchi la klabu ya tenisi pale Concordia, raketi mapajani, tukaanza kuangalia watu wanavyotembea.

"Yule Mchile anachechemea," akaninong'oneza.

"Ana kokoto kwenye kiatu."

Mchile akainama, akakung'uta kiatu, akaingia uwanjani anarukaruka.

Ciro asiposhinda mechi hata moja ya mashindano yenyewe wiki ile, jina lake lingebaki bila pointi na kutoka kwenye orodha ya wachezaji wa dunia. Tangu tuoane lilikuwa mkiani, ila lilikuwamo. Alikuwa ameapa kwamba likitoka anaacha, tunarudi kwetu Goya akafundishe watoto.

Mechi zikaanza moja baada ya nyingine, hakuna aliyeumwa. Ikabaki ya Tadeo tu. Huyu tulipanga naye chumba kimoja, na tangu alfajiri alikuwa amekumbatia ndoo, kisa empanada za nyama alizokula kituo cha mabasi. Sasa alikuwa amejilaza kwenye ubao wa chumba cha kubadilishia nguo, mlango wazi, rangi imemtoka. Ciro akampelekea chai ya boldo, majani ya kutuliza tumbo.

"Kunywa, Kibonge."

"Umetia nini humu, we mwizi? Unataka nife uingie wewe."

"Ufe, jeneza lako nani atalibeba? Tapika kidogo tu mbele ya mwamuzi, inatosha."

"Shemeji, unamsikia mumeo?"

"Namsikia. Kunywa kabla haijapoa."

Tulicheka wote, lakini niliona Ciro anacheka huku anaangalia sakafu.

Jina la Tadeo na la mpinzani wake yakaitwa. Tadeo akasimama, akashika ukuta.

"Mwembamba, niambie ukweli. Nikienda kwa mwamuzi sasa hivi, unaingia wewe. Mimi pointi ninazo, wiki hii hainiumizi. We sema tu."

Ciro alikuwa anavutavuta nyuzi za raketi kwa kidole, kama mtu anayezinyoosha, na hazikuwa zimepinda. Nami nikanyamaza, maana neno langu lingekuwa zito kuliko lake.

"Miguu inakubeba?" akauliza mwishowe.

"Inanibeba."

"Basi nenda kacheze, bwana. Pointi yenyewe niipate kwa tumbo lako? Utanisimanga mpaka tuzeeke."

Tadeo akamkumbatia, akatoka. Sisi tukarudi kwenye benchi. Tadeo akarusha mpira juu, akaupiga, ukaingia.

"Imekwisha, Yésica," Ciro akasema.

Nikamgeukia haraka, nikidhani nitaona machozi. Sikuona. Alikuwa anavua viatu, kisha soksi zilizojaa udongo mwekundu, akatandaza vidole vya miguu kwenye majani.

"Leo kutwa nzima nimewatakia watu homa," akasema. "Watu wazuri kabisa. Ile ni kazi ngumu kuliko tenisi." Halafu akapaza sauti, "Haya, Kibonge! Mkimbize huyo!"

Kibonge alikimbia kweli, lakini kwenda kutapika kwenye ua wa uwanja, mwamuzi akimsubiri. Ciro alicheka mpaka akalala chali kwenye benchi, kichwa mapajani mwangu, na kicheko kilipoisha akapitiwa na usingizi. Watu walipiga makofi mara nyingi jioni ile. Sikumwamsha.