Diski Kutoka Japani

Jelagat alianza kukanyaga breki mapema, kabla hata ya kulifikia duka la vipuri, kwa sababu siku hizi gari yake ya Probox haikusimama tena pale alipotaka. Usukani ulitetemeka mikononi. Mikebe mitupu ya maziwa iligongana nyuma. Gari likalipita duka na kusimama mbele ya kibanda cha chai, ambapo askari wa trafiki alikuwa akila mandazi.

"Madam, unataka kuniua na chai yangu?"

"Nimekuja kununua diski za breki, afande."

"Si ununue haraka basi."

Asubuhi hiyo, kwenye mteremko wa kutoka Saboti, breki zilikataa kushika mpaka gari likaingia kona. Joy, bintiye, anayepanda naye kwenda shule, alifumba macho. Baada ya kumshusha Joy na kupeleka maziwa, Jelagat alikuja moja kwa moja Matisi kwa Hillary, muuza vipuri, na pesa yote ya maziwa ya mwezi.

Hillary alimpangia aina tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, kwenye boksi lisilofunguliwa. Jelagat aliuliza bei, kisha akalirudisha boksi taratibu. Ya pili ilikuwa mpya pia, inang'aa, imetobolewa matundu.

"Hii ni ya vijana wa kukimbizana. Mimi nabeba maziwa."

"Na ni nyembamba, mathe, sikudanganyi. Ikishika moto inajipinda." Hillary akatoa mbili kwenye msumari ukutani. "Chukua hii. Mtumba ya Japani. Barabara ya huko ni kama meza, hii haijateseka. Gari ilikuwa ya daktari."

"Ulimjua huyo daktari?"

"Si nakwambia tu, bana."

Zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha, na pale pedi hushika palikuwa laini, pamesuguliwa upya kwa mashine. Bei ilimtosha. Jelagat akaigeuza moja aone mgongo wake.

Kwa ndani, chini ya rangi, kulikuwa na herufi tatu: JEL. Ile E ilikosa mkono mmoja.

Akakalia tairi kuukuu.

Kaka yake Kipkemei ndiye aliyezichonga herufi hizo siku waliponunua gari, maana gereji hubadilisha vitu vya watu. Alichonga betri, diski, mpaka jeki. Kwenye E patasi iliteleza. Mwaka jana, akitoka mazishini Malakisi, usukani ulianza kutetemeka, Jelagat akaingia gereji ya Levi mjini Bungoma. Levi alimwonyesha ufa kwenye diski zote mbili. "Mama, hizi ni jeneza," alisema, akazirusha kwenye rundo la vyuma chakavu na kumfungia nyingine. Hizo nyingine, alimwambia, zilitoka Japani.

"Hillary, hii ni yangu."

"Ukilipa itakuwa yako."

"Iko na jina langu!"

Hillary akachungulia. "Hata Japani kuna watu wanaitwa Jel."

"Na hizi ziko kwa gari yangu saa hii ni za nani?" Alikuwa akipiga kelele sasa. "Zilitoka kwa nani?"

Askari akaja akijipangusa mdomo. Akasikiliza, akamgeukia Jelagat.

"Uko na risiti ya kuonyesha ni yako?"

"Na yeye ako na risiti ya Japani?"

"Yeye ako na leseni ya biashara, imebandikwa pale. Wewe uko na kelele."

Jelagat aliinuka, akaibeba diski kwa mikono miwili mpaka juu ya kichwa, akaiachilia kwenye sakafu ya saruji. Ilipasuka vipande viwili. Mahali ilipopasukia palikuwa peusi kwa kutu ya zamani. Ni kipande chembamba tu ukingoni kilichokuwa kikimetameta, kama chuma kilichovunjika leo.

"Umeona, afande? Hiyo ingevunjika mtoto wangu akiwa ndani."

Askari aliinama akapatazama pale peusi.

"Nimeona," akasema. "Nimeona ukivunja. Lipa. Ama twende tuongee juu ya hiyo gari haina breki?"

Akalipa. Pesa iliyobaki haikutosha hata zile za matundu. Akaviokota vile vipande viwili, akaviweka kwenye kiti cha Joy na kuwasha gari.

Pikapu ikaegeshwa nyuma yake. Mwanamume mmoja akashuka, amebeba mtoto begani, akasema anatafuta diski moja, ile ya upande wa pili bado ni nzima. Hillary alikuwa tayari anaipangusa ile ya pili kwa kitambaa.

"Angalia ndani!" Jelagat akaita dirishani. "Iko na jina langu! Iko na ufa!"

Mwanamume akaigeuza. Akasoma jina, akapitisha kidole mahali pa ufa, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Akalinyooshea kidole lile boksi jipya. Hillary akamtajia bei. Mwanamume akamhamisha mtoto bega la pili.

"Na hii," akauliza, "bei ya mwisho ni ngapi?"