Mkono wa Kulia wa Dharmesh

Kiharusi kilimpoozesha mume wangu Dharmesh mkono wa kulia, huku giaboksi ya lori la miwa ikiwa bado imefumuliwa mezani katika gereji yetu hapa mjini Labasa. Mwenye lori alitaka kuihamishia ng'ambo ya barabara kwa Apenisa, mshindani wetu wa miaka mingi. Apenisa alikataa. Alifunga gereji yake, akavuka na spana zake.

"Binamu," alisema, walivyozoea kuitana kwa utani ingawa si ndugu, "wewe sema, mimi nifunge."

"Wewe? Hata mlango wa choo hujui kufunga!"

"Basi nifundishe kabla hujafa."

Wakacheka wote wawili. Dharmesh alishikilia shafti kwa mkono wa kushoto, Apenisa akapachika beringi, kisha gia moja baada ya nyingine, akizungusha kila moja mpaka Dharmesh aridhike. Walipomaliza kufunika, gia zote ziliingia laini, hata ya rivasi.

Nilileta roti na mchuzi wa samaki. Dharmesh alitaka kushukuru. Akauweka mkono wake mzima juu ya mkono wa Apenisa uliojaa grisi.

"Kesho tunafunga klachi," Apenisa alisema, akimega roti.

Nikamwongezea kipande kikubwa cha samaki.