Picha ya Jailos Akipita

Jumamosi moja ya Aprili, mwaka wa hamsini na nne, saa nne asubuhi, Tusekile alikuwa nyuma ya studio ya mumewe mjini Mbeya, akianika picha mbichi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kulikuwa na harusi moja, kipaimara kimoja, na mtoto wa mwalimu aliyelia mwanzo hadi mwisho. Upepo ukapita, picha zote zikageukia upande wa Iyunga, na kabla hazijarudi Jailos alikuwa ameshakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akijipangusa vumbi la Igawa, njia ya Iringa.

"Ugonile, dada," alisema. "Wifi yako Evarista anakusalimu. Amekupa haya mahindi."

Yalikuwa mahindi ya kuchemsha kutoka Iringa, alikoolewa dada ya mumewe, na yalikuwa bado yanafuka moshi. Tusekile akamenya moja, akatafuna.

"Chumvi haijakolea. Mwambie."

"Nikimwambia sasa hivi ataongeza kwenye sufuria hiyohiyo. Ngoja kwanza nivute pumzi."

Jailos alikuwa tarishi wa boma. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni maili mia mbili na ushei, na yeye alikuwa akienda na kurudi kabla chai ya makarani haijapoa. Mara moja alifikisha barua kabla haijaandikwa, karani wa Iringa akamgombeza mbele ya watu, na tangu siku hiyo akawa anasubiri kwanza chini ya daraja mpaka saa ya barua itimie. Hakuwa na majivuno. Taabu yake ilikuwa moja tu: hapajatokea mtu aliyemwona akikimbia. Watu walimwona akiondoka, na walimwona amefika.

Taabu hiyo ilimchoma hasa mwezi wa Juni, kwenye michezo ya wilaya. Miaka mitatu mfululizo Jailos alikuwa ameshinda mbio za maili moja, na miaka mitatu mfululizo waamuzi watatu waliokaa vitini penye utepe, yaani Wazungu wa boma, Bwana Shauri mkuu wa wilaya, Bwana Miti na Bwana Shamba, waliapa kwamba hawakuona mtu. Kikombe kilikwenda kwa wa pili, Bartholomeo, dereva wa Bwana Shauri.

"Bwana, mimi nilikuwa nyuma yake," Bartholomeo alisema kila mwaka, kwa kuwa alikuwa mkweli.

"Nyuma ya nani?" aliuliza Bwana Shauri, akampa kikombe.

Kikombe si kitu. Aliyeshinda aliandikwa kwenye orodha ya kwenda Dar es Salaam kukimbia na watu wa majimbo yote, na Jailos alitaka orodha hiyo kuliko alivyotaka mke. Mwaka uliotangulia alijiendea mwenyewe kwa miguu, akafika Dar es Salaam kabla ya chakula cha mchana, mlinzi wa getini akapitisha kidole kwenye karatasi, jina hakuliona, Jailos akarudi kula Mbeya. Alipolalamika bomani aliambiwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Lakini safari hii Bwana Shauri, ambaye mwenyewe alijihesabu kuwa mtu wa haki, alikuwa ametoa neno. "Nileteeni picha," alisema. "Picha safi, yenye uso. Nikimwona, nitamwandika."

Basi kazi ikamwangukia Sedekia, mume wa Tusekile. Sedekia alijifunza kupiga picha jeshini, huko Burma, na aliamini jambo moja tu, kwamba picha ni utulivu. Maharusi aliwaambia, "Tulia, usipumue," na kuna bwana harusi mmoja aliyetii mpaka akazirai. Kwanza alimsimamisha Jailos kwa mguu mmoja mbele ya pazia la studio lililochorwa, mikono kama anayekimbia. Picha ikatoka safi kama maji ya mlimani, ila Bwana Shauri akauliza tangu lini uwanja wa Mbeya una ngazi za ikulu na maua ya kwenye chungu.

Wakaenda uwanjani. Sedekia akafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akafungua jicho la kamera kwa sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, Jailos akapita. Kilichotoka ni uji uliomwagika. Akapandisha kasi mpaka mwisho wa namba, moja ya mia tano. Nyasi zikatoka moja moja, nzi aliyekuwa hewani akatoka na mbawa zake zote, na Jailos akatoka kisigino, pembeni kabisa, kikiaga.

"Haraka haraka haina baraka," alisema Sedekia, akaanza kukunja vitu vyake.

Tusekile alikuwa amekaa kwenye majani akimtazama. Yeye alikulia Kyela, na utotoni kazi yake ilikuwa kuamia mpunga wa baba yake kwa kombeo. Kweleakwelea hushuka kama mvua, na anayemlenga ndege pale alipo hupiga mahali alipokuwa. Yeye alikuwa akigeuka naye.

"Baba Mika," alisema, "mbona kamera umeisimamisha kama mti?"

"Ikitikisika, picha inaharibika."

"Inaharibika kwa aliyesimama. Huyu kasimama lini? Hebu nipe."

Akaifungua kutoka kwenye miguu yake mitatu, akairudisha kasi mpaka moja ya hamsini, Sedekia akafumba macho kwa uchungu. Akapima futi ishirini kutoka kwenye utepe, akaseti umbali mapema, kwa sababu Jailos hakuwa mtu wa kumsubiri atengeneze. Kisha akajizoeza mwezi mzima. Alianza na basi la barabara ya Iyunga, akaenda kwa kuku wa jirani, akamalizia kwa mbayuwayu. Anza kugeuka kabla hajafika, bonyeza akiwa mbele yako, endelea kugeuka akishapita, kiuno kilegee, miguu isibanduke. Kuku wakazoea, nao wakawa wanageuka.

Siku ya michezo jua lilikuwa kali na baridi ilikuwa kali vilevile, kama Juni ya Mbeya ilivyo. Waamuzi walikaa vitini penye utepe, miguu wameikunja. Bastola ikalia. Tusekile hakumtafuta Jailos kwa macho. Aliinua kamera, akausikiliza umati ukivuta pumzi kutoka kushoto, akazunguka nao, akabonyeza, akaendelea kuzunguka mpaka akatazamana na Mlima Loleza. Alijua kwamba amempata, kama alivyokuwa akijua jiwe likigonga ndege. Akapiga kigelegele peke yake, watu wakamfuata bila kuuliza sababu.

Picha ilipotoka, Sedekia aliishika kwa mikono miwili. Jailos alikuwemo mzima: vifungo vya kaptula, meno, matone ya jasho, vidole kumi vya miguu vikiwa hewani. Nyuma yake Bartholomeo alitoka safi kuanzia pua mpaka kidevu, maana naye alikwenda kwa kadiri ya nguvu zake. Akina mama waliokimbia kandokando ya mstari wakishangilia walitoka mpaka mistari ya kanga. Vyote vilivyosimama vilivutwa kwa upande, utepe, miti, mlima, na waamuzi watatu, nyuso zao zimepakwa kama siagi juu ya mkate.

Na nyuso hizo zilibaki hivyohivyo. Kuanzia jioni ile masharubu ya Bwana Shauri yalianzia sikioni yakaishia hewani. Bwana Miti alikuwa na macho, ila hayakuwa mahali pamoja. Bibi Shamba alimtambua mumewe kwa viatu. Jumatatu wote watatu walikwenda kazini, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu.

Jibu la kamati ya michezo lilikuja baada ya wiki mbili. Picha tumeipokea, lilisema. Mkimbiaji anaonekana vizuri sana. Lakini waamuzi hawaonekani, na mbio zisizo na waamuzi si mbio. Kikombe kilikuwa kimeshapelekwa kwa Bartholomeo.

Tusekile alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimchekesha, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Mwezi wa Agosti Bwana Shauri alikuja studio mwenyewe. Alikuwa anakwenda kwao likizo, na alihitaji picha ya pasi.

"Nataka iliyo safi," alisema. Sauti ilitoka karibu na bega.

"Bwana," Tusekile alimwambia kwa heshima, "siku ile kila aliyekwenda pamoja na Jailos alitoka safi. Kimbia naye hatua kumi tu, hapa nje. Nitageuka nanyi. Utarudi kama ulivyokuwa."

Jailos alikuwa mlangoni, ameleta bahasha. Akavua kofia.

"Nitakwenda polepole, Bwana," alisema.

Bwana Shauri alitazama nje, au ilidhaniwa hivyo. Ilikuwa siku ya soko. Kulikuwa na wauza viazi, wauza mkaa, masista wawili na foleni ya watu wenye kesi bomani.

"Pamoja na tarishi?" aliuliza.

"Pamoja naye."

Akageuka, akakaa kwenye kiti cha studio na kuweka mikono magotini. Alitulia kuliko mteja yeyote aliyepata kuingia pale, Sedekia alimsifu. Picha ikatoka imevutwa kwa upande, na bandarini ikakubaliwa bila taabu, kwa sababu ilifanana naye sawasawa.

Akaja Bwana Shauri mpya, mwenye uso mzuri uliokaa mahali pake. Ikaja Juni, Jailos akashinda, waamuzi hawakuona mtu, Tusekile akageuka, na saa kumi jioni uso ule ulikuwa umekwenda. Mwaka baada ya mwaka kiuno cha Tusekile kilizidi kuwa chepesi, na kamati ilizidi kupanuka. Kufikia mwaka wa hamsini na saba boma zima lilikuwa hivyo, na wenye mashauri walieleza shida zao wakizitazama kofia. Nyumbani kwa Bartholomeo rafu ya vikombe ilijaa, mkewe akaomba wasilete tena, wakaleta.

Mwaka wa hamsini na tisa goti la kushoto la Jailos lilianza kuuma. Barua za Iringa zikawa zinafika jioni, kisha kesho yake. Siku ya michezo Jailos aliposhika mstari, Tusekile aliinua kamera, bastola ikalia, na kwa mara ya kwanza akamwona kwa macho matupu: mtu mwembamba wa makamo, akichechemea kidogo, mdomo wazi. Wawili walimpita. Tusekile akaishusha kamera. Hakubonyeza.

Waamuzi walimwona vizuri mno. Walisimama vitini wakampigia makofi, wakamwita, wakamwuliza jina, wakaliandika kwa wino bila kukosea hata herufi: Jailos, nafasi ya tatu.