Ukakasi wa Mvinyo Mwekundu

Glasi ilikuwa imeshafika mdomoni mwangu nilipomwona Herbert, mkuu wa wahudumu, anafumba macho. Hapo ndipo nilipojua nimeharibu. Mbele ya meneja na mgeni wake Mfaransa, katika mgahawa wa hoteli yetu mtaa wa Al Rigga, ughaibuni, nilikuwa nimefungua chupa, nimemimina, na badala ya kumpa mgeni nimeonja mimi.

Asinicheke mtu. Kwetu Rombo anayekupa mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mbele yako, ujue hakuna ubaya ndani. Mama yangu alikuwa akipika mbege ya kuuza, na utoto wangu wote nilimwona akifanya hivyo. Kichwa changu kilikuwa kazini, mkono ukaenda nyumbani.

Na haikuwa siku ya kukosea. Ilikuwa mwaka 2006, Herbert alikuwa anarudi kwao Masaka, na kazi yake ya kuhudumia mvinyo niliitaka kuliko kitu chochote. Miaka mitatu nilikuwa nabeba sahani tu. Sir Mounir, meneja, alitaka kuleta mtu wa nje. Herbert ndiye aliyemwomba anijaribu mchana mmoja, siku ambayo Mfaransa angekuja na mvinyo wake mwekundu wa kusini mwa Ufaransa, na sisi tuutafutie chakula cha kuendana nao.

Siku moja kabla nilipewa chupa ya kuonja. Nikaipeleka jikoni kwa Nassir, mpishi wa Unguja, ambaye pombe haijapita midomoni mwake wala haitapita.

"Mie siionji," alisema. "Wewe nambie ukali wake unakamata wapi, mengine niachie mimi."

Nikamwambia una matunda meusi yaliyoiva, una harufu ya majani yaliyokaukia juani, kisha ukakasi wake unabaki ulimini kama wa gome la msesewe kwenye mbege ya mama. Akapika samaki, mvinyo ukageuka ladha ya chuma. Akapika nyama ya pilipili, moto ukazidi. Mara ya tatu akaniletea mguu wa kondoo uliopikwa taratibu na mafuta yake, karafuu mbili tu. Nikala kipande, nikanywa funda, na ule ukakasi ukalainika wote. Nassir alinitazama usoni, akazima jiko bila kuuliza. Nimefanya kazi na wapishi wengi tangu hapo, na bado sijamwona wa kumfikia.

Sasa, pale mezani, Sir Mounir alikuwa amebadilika uso. "Khalas, Kasian," alisema kwa sauti ya chini. "Weka chupa, rudi jikoni."

Ningeomba radhi nikaondoka. Lakini lile funda lilikuwa bado mdomoni na halikuwa sawa. Matunda hayakuwemo. Kulikuwa na uvundo wa kitambaa kibichi kilichosahaulika ndooni. Nikameza.

"Samahani, sir. Huu msinywe. Umeharibika."

Kumwambia mtu mvinyo wake mwenyewe umeharibika, tena mbele ya bosi, nilijua ni kujikatia tiketi ya kurudi Rombo. Mfaransa, mzee mwenye mikono mikubwa ya shamba, akaivuta ile glasi, akanusa mara moja, akaisukuma mbali.

"Ni kizibo kimeuharibu," alimwambia Sir Mounir. "Kijana yuko sahihi."

Nikafungua chupa ya pili. Kondoo wa Nassir alikuwa ameshafika mezani, anatoa mvuke. Nikawamiminia wote wawili kwenye glasi safi, nikarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni.

Hakuna aliyegusa. Nyama ilianza kupoa. Nilidhani nimekosea tena, mpaka yule mzee alipochukua glasi tupu ya meza ya jirani, akaiweka upande wangu. Sir Mounir alikuwa ameweka mikono yake mapajani. Walikuwa wananisubiri mimi.

Nikajimiminia kidogo. Nikaonja, bila haraka yoyote, kisha nikawaambia wanaweza kunywa.