Kichupa cha Mwisho cha Sumu ya Nge

Nilipotoka zamu nilimpelekea binti yangu chakula maabara, maana alikuwa hajala tangu asubuhi. Bakuli nililiacha koridoni. Humo ndani hakuliwi. Nilimkuta ameinama mbele ya kompyuta, mwanamke mzima, macho yamevimba.

Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza kila mara mama yake mwenye diploma ya uuguzi. Seli za mishipa ya fahamu zina vilango vya kupitisha sodiamu. Vikifunguka, mshipa unashtuka, kisha vinajifunga mara moja. Sumu ya nge hukishika kilango kisijifunge upesi. Ukijua imeshika wapi, umejua ni sehemu gani inayokifunga. Mwaka mzima amekamua nge na kuchuja sumu yao, na leo vichupa viwili vimeisha bila mstari wa umeme wa seli kwenye kioo cha kompyuta kubadilika. Kimebaki kimoja. Kesho mkubwa wake anataka jibu. Akilikosa, utafiti unasimamishwa.

"Sumu yangu imekufa, mama."

"Mazishi ulihudhuria?"

Hakucheka. Nikamwuliza anaitiaje kwenye seli. Akasema anaizimua sana kwa maji ya chumvi, kwenye kichupa cha plastiki, halafu inapita kwenye mrija mwembamba.

Nikamwambia tunavyofanya wodini. Insulini tukiitia kwenye dripu, ya mwanzo tunaipitisha mrijani na kuimwaga, kwa sababu inanata kwenye plastiki. Usipofanya hivyo, mgonjwa anapata maji matupu na wewe unailaumu dawa. Nikamwuliza kama sumu yake si protini vilevile.

Akaiacha kompyuta, akanigeukia.

"Nilikuwa natia albumini kidogo, ile protini ya damu, inatangulia kujipaka kwenye plastiki. Wiki hii nikaiacha. Nilitaka maji yawe safi."

"Usafi wako huo ndio uliofua redio yangu ulipokuwa mdogo."

Hapo akacheka. Akachanganya albumini, akapitisha ya kwanza na kuimwaga, kisha akafungua kichupa cha mwisho na kuipitisha sumu kwenye seli.

Mstari ukashuka. Badala ya kurudi juu ghafla kama mwanzo, ukapanda polepole, polepole.

"Kimechelewa kujifunga," akanong'ona. "Mama, kimechelewa."

Machozi yakamtoka, na mikono yake haikuweza kuachia mashine. Angeiachia, ile seli aliyoishika kwa sindano ya kioo ingempotea. Nikavuta kiti, nikampangusa macho kwa ncha ya leso, na pua pia, kama zamani. Hakubisha.

Chakula tulikila koridoni, kimepoa kabisa. Akamaliza na changu.