Kidole cha Delko

Jumamosi, tarehe 22 Februari 2025, saa mbili na robo asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, lakini mawingu yalikuwa bado yamekaa juu ya milima ya Uvira kama wageni wasiotaka kuaga, na ziwa lilikuwa na rangi ya bati, bila mtumbwi hata mmoja. Nilikuwa nimelala chali chini ya Hiace ya jirani yangu Evariste, mafuta ya breki yakinidondokea shingoni, niliposikia mlio wa kwanza wa bunduki kutoka upande wa Kavimvira. Nikasubiri wa pili. Ulikuja. Nikaendelea kufungua nati.

Mimi, Donatien, ni mwalimu wa hesabu. Katikati ya juma natumikia chaki. Jumamosi, ambayo huku kwetu tunaiita siku ya posho, natumikia vitu vilivyoharibika. Nililelewa na internat, shule ya bweni kule milimani, ambako kitanda kilitandikwa kabla kengele haijanyamaza na ambako mvivu hakuulizwa sababu. Sijaiacha desturi ile. Kila siku ya posho hupanga kazi zangu kama askari kwenye gwaride: ya nyumba, ya gari, ya mbao.

Siku ile gwaride lilikuwa limevurugika. Breki za nyuma za Hiace zilikuwa zikivuja, kwa hiyo niliondoa magurudumu na kulikalisha gari juu ya mawe, katika uwanja ambao mimi na Evariste tunautumia pamoja bila ukuta kati yetu, pikapu yangu ikiwa kando. Mlango wetu wa nyuma, ulioliwa na mchwa, nilikuwa nimeung'oa, na mbao ngumu za libuyu za mlango mpya zilikuwa mezani, nusu zimepigwa randa. Pipa la maji lilikuwa limepinduliwa ili lisuguliwe. Kila kitu kilikuwa wazi, na hakuna kilichokuwa kimekamilika.

"Papa Shalom," alisema mke wangu Félicité, akiniita kwa jina la mwanetu anayesoma mbali, akaja kusimama karibu na miguu yangu. "Batu banakimbia, weye unalala chini ya gari. Nyumba iko uchi nyuma, gari iko uchi nyuma, maji hakuna. Tukianza kukimbia, tutafunga nini ya kwanza?"

"Breki," nilimjibu. "Noella ana haki ya kwanza."

Hakubisha. Noella, binti wa Evariste, alikuwa katika mwezi wake wa mwisho, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Daktari alikuwa amesema bayana kwamba lazima apasuliwe, kwamba akijifungulia nyumbani hatapona. Kisha daktari mwenyewe akachukua familia yake na kuvuka kwenda Burundi. Tumaini lililobaki lilikuwa ng'ambo ile ile. Katika avenyu yetu ya Songo, Hiace ilikuwa gari pekee ambalo mwanamke wa namna ile angeweza kulala ndani yake akanyoosha miguu. Evariste alikuwa akizunguka mji tangu jana akitafuta petroli na akiulizia mpaka, ambao siku zile ulifunguliwa na kufungwa kama jicho la mgonjwa.

Njiani, mbele ya uwanja wetu, watu walikuwa wakipita kimya. Walitoka bonde la Ruzizi, Kiringye na Katogota, wakiwa na magodoro vichwani na mbuzi mikononi. Kinachotisha katika umati unaokimbia si kelele. Ni ukimya wake.

Nyuma yao walikuja wenye silaha. Sitasema walikuwa wa nani. Kwa mwenye gari, walifanana wote. Waliingia kila uwanja na kuchukua kila kilichowaka.

Wanaume wa Songo walifanya walichojifunza katika miaka mingine mibaya. Ndani ya delko, kile kikombe cha umeme cha gari la petroli, mna kipande kidogo kinachozunguka na kugawa moto kwa mabuji, yaani plagi. Mafundi hukiita kidole. Kinaingia mfukoni. Kikitoka, gari halitoi hata kikohozi. Lakini desturi yetu ina sharti: usikiweke chako mwenyewe. Unampa jirani, naye anakupa chake, na hakuna anayeuliza kimefichwa wapi. Kwa njia hiyo mwenye gari, hata akipigwa mpaka azimie, hana la kusema.

Evariste alikuwa amenijia Alhamisi, siku mbili kabla, akakifungua kiganja chake kama mtu anayenionyesha jino lililong'oka.

"Ansie, yangu hii. Leta yako ya pikapu. Usiniulize nitaiweka wapi."

Ansie ndilo jina tunaloitana sisi tuliosoma internat moja.

"Nawe usiniulize," nilisema.

"Minye nikuulize weye?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Muntu ambaye akiulizwa anajibu! Bahati mbaya jirani mwingine sina."

Alijua alichokuwa akikicheka. Katika internat yetu, aliyesema uongo alisimamishwa juu ya benchi katika chumba cha kulia, wenzake wakila. Evariste alisimama pale mara nyingi hata akawa kama sehemu ya samani. Mimi sikusimama hata siku moja, na sioni haya kulitaja. Tangu utoto ule sijasema uongo, si kwa mke, si kwa mkaguzi, si kwa mgonjwa. Desturi ya vidole ilinifaa kuliko yeyote, kwa kuwa iliniruhusu kusema ukweli mtupu: sijui kiko wapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Sikuwa nimefikiri kwamba swali la pili lingekuja nyuma yake.

Cha Evariste nilikificha katika mguu wa meza yangu ya useremala. Nilitoboa tundu, nikakiingiza, nikaziba kwa nta na vumbi la mbao. Félicité peke yake aliniona.

Jumapili misa ilikuwa fupi. Padri alitupa baraka kabla ya wimbo wa mwisho. Evariste alishika njia ya Kavimvira kwa miguu kwenda kuuangalia mpaka. Nilivua shati la kanisani nikarudi chini ya gari. Sikuwa nimewahi kushika spana siku ya Bwana. Hewa ilikuwa imesimama. Hata mbwa walikuwa wamenyamaza, na kuku wa Félicité walijikunyata chini ya meza mchana kweupe kana kwamba wameona mwewe.

Kisha niliona viatu. Kutoka chini ya gari, mtu huona viatu kwanza. Vilikuwa vya mpira, vyenye matope, isipokuwa jozi moja ya ngozi iliyopigwa rangi ikang'aa. Jozi ile ilikuja mpaka karibu na kichwa changu ikasimama.

"Toka, fundi."

"Mimi ni mwalimu," nilisema, nikatoka.

Kamanda wao, mwenye viatu vya ngozi, alikuwa kijana, mwenye sauti ya upole na subira ya kinyozi. Alikaa kwenye kigoda changu, akauweka mkono juu ya randa yangu, akaipapasa. Kwenye kizingiti cha nyumba, Noella alikuwa ameketi, miguu iliyovimba ikiwa ndani ya beseni. Félicité alikuwa kando yake akikamua nguo juu ya karai.

"Mwalimu, pikapu hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Inawaka?"

"Haiwaki. Kidole cha delko hakimo."

"Kiko wapi?"

"Sijui."

Alinitazama machoni kwa muda mrefu. Aliniamini. Nilisikia fahari ya zamani ikinipanda kifuani, fahari ya kijana asiyesimamishwa juu ya benchi.

"Na Hiace?"

"Ya jirani."

"Hiyo ndiyo ninayoitaka. Inabeba watu wengi. Kijana wangu amefungua delko, nayo haina kitu. Ni nani anayejua kilipo?"

Maji ya nguo yalikuwa yakidondoka ndani ya karai. Yakaacha kudondoka. Noella aliuweka mkono juu ya tumbo lake, chini kabisa, kama mtu anayezuia mlango.

Naweza kusema leo kwamba nilipima. Sikupima. Neno "sijui" lilikuwa bado na joto kinywani mwangu, lilikuwa la kweli, na mara ya pili lingekuwa uongo.

"Ninacho mimi," nilisema. "Na sitakupa."

"Yesu Maria," Félicité alinong'ona.

Kamanda hakukasirika. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza. "Ungeweza kusema hujui."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ninacho. Na sikupi kwa sababu si changu, na kwa sababu yule mama atalala ndani ya gari lile kesho, au atakufa."

Aligeuka akamtazama Noella. Kisha akawapa watu wake ishara ndogo ya kidevu.

Waliingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa tundu nililoliacha mimi mwenyewe nyuma. Walipasua magodoro, wakamwaga unga wa muhogo, wakaliviringisha pipa langu mpaka barabarani. Mwisho mmoja wao aliipindua meza. Mguu ulipogonga jiwe, kizibo cha nta kikaruka. Aliingiza kidole ndani ya tundu, akakitoa. Kilikuwa na alama ya grisi. Kidole kile kingine, cha delko, hakikuwamo.

Niliangalia tundu lile tupu, na naamini uso wangu ulionyesha mshangao kuliko wa mtu yeyote pale.

"Mwalimu," kamanda alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huzuni, "wewe ni muongo. Nilikuwa nimekuamini. Umekihamisha."

"Sikukihamisha."

"Muongo tena."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilifungua mdomo kujitetea, na macho yangu yakapita kwa Félicité. Alikuwa ameinama juu ya karai, akiikamua nguo ile ile iliyokwisha kukauka. Hakuinua kichwa. Katika pindo la kitenge alichojifunga, upande wa kushoto, palikuwa na fundo dogo ambalo asubuhi halikuwapo.

Niliufunga mdomo.

Kitako cha bunduki kilinipata begani. Nilisikia mfupa ukilia kama ubao mkavu. Nilipoweza kuona tena, walikuwa wamefunga kamba kwenye pikapu yangu, na lori lao lilikuwa likiivuta kupitia lango, kimya, usukani ukitikisika bila dereva. Hiace, juu ya mawe yake, hawakuwa na muda nayo. "Irudishie magurudumu," kamanda aliniambia kabla ya kupanda. "Kesho saa sita mchana tutarudi, na utakuwa umekumbuka."

Félicité alinifunga mkono kwa shuka.

"Ungeniambia umekitoa," nilisema.

"Ningekuambia, ungesema." Alikaza fundo mpaka nikauma meno. "Weye na ukweli yako! Iko siku itatuzika bote, na utasimama kwenye kaburi kuhesabu kama tuko kamili."

Nilichukua spana kwa mkono uliobaki, nikarudi kwenye Hiace.

Evariste alirudi jua likielekea kuzama. Mpaka ungefunguliwa asubuhi. Alilitazama bega langu, akaitazama nafasi ambapo pikapu ilikuwa, mafuta yake bado yakiwa mchangani, akaingia chini ya Hiace. Tulimaliza breki kwa mikono mitatu: miwili yake, mmoja wangu. Mimi nilielekeza, yeye akakaza. Jumatatu kulipopambazuka, Félicité alilifungua fundo la kitenge, akampa kidole, na injini ikawaka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Noella alilala nyuma juu ya magodoro yaliyopasuliwa. Hiace ilitoka na haikurudi siku ile, na mwenye viatu vya ngozi alipokuja na watu wake saa sita hatukuwapo. Mimi na Félicité tulikuwa tumeshika njia ya Makobola, nyumba yetu ikiwa haina mlango nyuma.

Miezi ilipita kabla sijamwona Evariste tena. Nilisikia kwamba Noella alipasuliwa huko Burundi usiku wa Jumatatu ile ile akapata msichana, nao wakamwita Délice. Tuliporudi Songo, meza yangu ilikuwa bado imelala kifudifudi. Mlango niliumaliza kwa mkono mmoja, polepole, na haukukaa sawa. Mkono wangu wa kushoto haupandi tena kupita kifua.

Evariste alikuja siku ya posho, mwezi wa sita, upepo wa kiangazi ukipandisha vumbi kutoka ziwani. Aliingiza Hiace uwanjani, akaizima, akanitupia ufunguo. Ulianguka mezani, juu ya vumbi la mbao.

"Ansie, ni yako. Walichukua yako ju ya yangu. Gari kwa gari."

"Sikukupa gari," nilisema.

"Donatien, acha kiburi! Watu bote wa avenyu banajua."

"Sikukupa gari. Alhamisi ile nilikupa kitu kimoja. Nirudishie hicho."

Félicité alisimama kwenye mlango wangu uliopinda, akatutazama. Nilidhani angecheka. Hakucheka.

Evariste aliingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa, akakifungua. Kidole cha delko ya pikapu yangu kilikuwa ndani, safi, kimepakwa grisi, kama alivyokipokea. Kilikuwa kimevuka mpaka, kikalala katika kambi ya wakimbizi, kikarudi.

Akakiweka mezani. Nami nikausukuma ufunguo wa Hiace kwake, nikakichukua kidole, nikakigeuza mwangani, nikakiona hakina ufa.

"Nimepokea," nilimwambia. "Huna deni kwangu."